Panya wa Mume Wangu, Maneno ya Mama Yangu

Nimewahi kumwonea wivu jirani aliyekuwa na jiko la gesi, mwanamke wa kwaya aliyejua kuimba sauti ya pili, na dada yangu mdogo kwa sababu ya miguu yake. Hao wote niliwasamehe. Aliyenila mpaka nikakonda ni panya. Nikisimulia habari hiyo watu hucheka kabla sijafika katikati, kwa hiyo nimeamua kuiandika.

Alikuwa panya mweupe, macho mekundu, jike. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nami nilikuwa nimeolewa Kitale. Mume wangu alikuwa mtunza maabara katika shule moja ya sekondari, na shule hiyo ililetewa panya kama huyo kwa somo la biolojia. Wanafunzi waliwapasua, wakachora matumbo yao, mambo yakaisha. Mwaka huo akabaki mmoja. Mume wangu aliambiwa ammalize, akaja naye nyumbani ndani ya katoni ya chaki.

"Ni wa wiki moja tu," akasema.

Mimi ni mtu wa Bungoma, upande wa Mabanga, na kwetu panya ni kiumbe unayemfukuza kwa ufagio kutoka kwenye gunia la mahindi. "Ati umeniletea mwizi ndani ya nyumba, halafu nimwite mgeni?"

"Huyu si mwizi bana. Hajawahi hata kuona gunia."

Wiki ikawa mwezi. Fundi mmoja wa jua kali akatengeneza kizimba cha waya wa kuku, juu waya, chini waya, ili uchafu uanguke wenyewe. Kikakaa sebuleni mahali ambapo nilikuwa nimepanga kuweka kabati la vyombo. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini anavua viatu, anapita karibu nami jikoni, anasema "Sasa," kisha anakwenda kuchuchumaa mbele ya kizimba. Hakumpa panya jina. Alimwita "wewe." Lakini alilitamka "wewe" hilo polepole, kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nimeitwa wewe mwaka na nusu bila kuisikia sauti hiyo. Alimtafunia njugu. Alimtia kwenye mfuko wa shati akisoma gazeti. Jioni moja sikula kabisa, nikakaa tu nikiitazama sahani, naye akaniambia kwa huzuni, "Leo hajala vizuri." Alikuwa anamsema panya.

Tulikuwa hatujapata mtoto. Wamama wa kanisani walikuwa wameanza kunitazama tumbo kabla ya kunitazama usoni. Nilishona nguo kwenye baraza moja mjini, ng'ambo ya msikiti, na nguo nyingi nilizoletewa zilikuwa za watoto wachanga. Mabaki ya flana niliyatia kwenye gunia chini ya meza ya cherehani. Wateja waliponiuliza kama nayauza, niliwaambia yana mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nachemsha chai, nikasikia mlio mwembamba sebuleni. Nilisikia vizuri. Nikaendelea kukoroga majani. Mume wangu ndiye aliyetoka bafuni mbio, povu la sabuni masikioni. Mguu wa nyuma wa panya ulikuwa umepenya kwenye waya wa chini, na alipojivuta, ngozi ya paja ikachunika. Ukucha mmoja ulikuwa umeng'oka. Mume wangu alikata waya kwa koleo, akamtoa na kumfunika kwa taulo langu.

Alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe mpaka vuguvugu. Akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuyadondosha juu ya kidonda, tone kwa tone, huku akinong'ona. "Spiriti hapana," akasema, "itamchoma." Hakuna mtu aliyekuwa ametaja spiriti. Nilisimama mlangoni nikiutazama mkono wangu wa kushoto. Miezi miwili nyuma mafuta ya mandazi yalikuwa yameniunguza kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Siku ile mume wangu alisema "pole sana," kisha akauliza kama mandazi yameiva.

Akamfunga panya bandeji. Kabla hajamaliza kikombe chake cha chai, panya alikuwa ameitafuna yote. Akamtandikia pamba ya hospitali ili alale pazuri, na kesho yake nyuzi za pamba zilikuwa zimenata kwenye kidonda na nyingine zimejizungusha kwenye vidole vya mguu, vikaanza kuvimba. Alikaa karibu na dirisha akizitoa moja moja kwa kibano, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kutaka kusifiwa.

"Mama yangu angejua la kufanya," nikasema.

Mama alikuwa amefuga kuku tangu nikiwa mdogo. Alihudhuria mafunzo ya wakulima pale Mabanga, akayashika kuliko wanaume waliokwenda kulala tu. Alijua vidonda vya miguu, mafua, ugomvi wa majogoo, na hasa alijua kiumbe mdogo alalie nini. Mume wangu aliinua kichwa. Sikumbuki siku nyingine mwaka ule aliponitazama hivyo.

"Twende," akasema.

Sasa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina uzito wake. Siku hizi wengine wameilegeza, lakini mume wangu alizaliwa mjini na kujifunza desturi ukubwani, kwa hiyo aliishika kama mtu anayeogopa kufeli mtihani. Mama akitokea uani, yeye aligeukia ukuta. Hata salamu walizipitisha kwangu. Mama akitaka kujua kama mkwe ameshiba, aliniuliza mimi. Mkwe akitaka kusifu ugali, aliniambia mimi.

Na niseme ukweli, niliipenda kazi hiyo. Katika boma lile nilikuwa mtu muhimu. Watu wawili niliowapenda kuliko wote hawakuweza hata kuombana chumvi bila mimi, na wote wawili waliamini nilichosema. Sikuwa na kitu kingine cha thamani kama hicho.

Tulifika kwetu siku ya likizo, panya ndani ya katoni yenye matundu. Mume wangu akaketi katika nyumba ya kaka yangu, upande mmoja wa uwanja. Mama alikuwa jikoni, upande wa pili. Katikati palikuwa na hatua kama ishirini, na hatua hizo zilikuwa zangu.

"Panya?" Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Ati panya ndio imemtoa Kitale?" Kisha akapangusa mikono, akawa serious kama yuko mbele ya kuku mgonjwa. "Jeraha iko wapi?"

Nikamweleza.

"Kwanza hiyo waya ya chini atoe. Hata kuku, waya inakatanga miguu yao. Aweke ubao. Waya ibaki juu tu."

Nikavuka uwanja, nikamwambia mume wangu vile vile. Akaitikia kwa kichwa, kidole chake kikiwa juu ya mgongo wa panya. Nikarudi.

"Asifunge kitambaa, itakula. Aoshe na chumvi asubuhi na jioni, apake asali kidogo, kidogo tu, aache upepo ipige. Ikianza kutoa usaha ama inanuka, hiyo si ya nyumbani tena, atafute daktari wa mifugo."

Nikavuka tena, nikasema yote, mpaka kile "kidogo tu" cha pili. Mume wangu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima, akiielekeza heshima hiyo kwangu kwa kuwa mama mwenyewe hakuwepo. Kisha akatabasamu.

"Mama yako ana akili sana. Umeona hata hajauliza kwa nini? Wewe mpaka leo unaniuliza kwa nini." Akamwinua panya kidogo. "Ningekuwa na mtu kama huyo nyumbani, huyu hangeumia. Sasa muulize alalie nini."

Nilivuka uwanja ule mara ya tatu. Wivu una joto, jamani. Ulinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Mtu kama huyo nyumbani! Nani aliyemfulia taulo lililojaa damu ya panya? Na wivu ukikosa pa kukaa unahama. Nilipofika mlangoni kwa mama nilikuwa namwonea hata yeye, kwa kusifiwa na mtu asiyewahi kumwona uso.

"Kwa kulala," mama akasema, "mwambie asiweke maranda mbichi ya mti wa saipras. Hiyo inatoka kwa mashine ikinukia tamu, watu wanapenda, lakini harufu inaingia kifuani. Kuku zangu unaona zinalalia maranda, lakini ni ile nimeanika kwa jua mpaka harufu imeisha. Vifaranga siwekei hata hiyo. Na huyo ako na kidonda, vumbi itaingia. Araruerarue karatasi nyeupe. Ama kitambaa laini, yenye haitoi nyuzi, abadilishe kila siku." Akanitazama. "Si wewe uko na gunia mzima ya flana kwa cherehani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Nilivuka polepole. Flana ile ilikuwa na mwenyewe. Kila kipande nilichokitia kwenye gunia nilikuwa namwekea mtoto ambaye hakuwa amekuja, na hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu. Sasa nimtandikie panya?

"Anasemaje?" mume wangu akauliza.

"Anasema kuku wake wanalalia maranda."

"Ya saipras?"

"Ya saipras."

Kila neno lilikuwa la kweli. Sikuongeza hata moja. Nilipunguza tu.

Kitale hapakosi maranda. Kila karakana ya mbao ina lundo lake, na mwenye kuku wa nyama huja na gunia na kuchota. Mume wangu alileta yaliyotoka kwenye randa asubuhi ile ile, mekundu kidogo, yamejikunja, na nyumba ikanukia mpaka jirani akabisha kuuliza kama tumenunua kabati jipya. Alikuwa ametoa waya wa chini na kupigilia ubao, kama alivyoambiwa. Akamwaga maranda, akamweka panya juu yake. Panya akachimba, akajifukia, akatulia.

"Ona," akaniambia. "Mwambie mama asante."

Siku ya tatu panya akaanza kupiga chafya. Ya nne akawa anapumua kwa sauti, kama filimbi iliyopasuka. Kisha mume wangu akaniita kwa ukelele, nikadhani ameungua. Pembeni mwa macho ya panya, na puani, kulikuwa na ute mwekundu.

"Anatoa damu machoni!"

Baadaye alisoma mahali kwamba si damu. Panya hutoa ute wa rangi hiyo wanapougua au wanapoteseka. Wakati ule hatukujua. Na kidonda, kilichokuwa kimeanza kukauka vizuri kwa chumvi na asali, kilikuwa kimeshika vumbi la mbao, juu kigaga, chini kubichi. Alikiosha tena na tena. Akimaliza, alimrudisha palepale kwenye maranda, maana mama mkwe alisema.

Nilikuwa nimedhani kwamba panya akizidi kuugua, mume wangu atamchoka. Watu huchoka na wagonjwa, nimewaona. Yeye hakuchoka. Alikosa kanisa. Alikuja nyumbani saa ya chakula cha mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili yangu, akala amesimama kando ya kizimba. Nilimwonea yule panya wivu hata katika ugonjwa ambao mimi mwenyewe nilikuwa na mkono ndani yake. Ningetaka kusema nilijuta siku hiyo. Nilijuta kidogo, na wivu ulikuwa mwingi.

"Nenda kwa mama," akaniambia Jumapili jioni. "Kesho atakuwa Chwele sokoni, si ndiyo? Mimi nina mitihani maabara, siwezi. Mwambie chafya, mwambie macho, mwambie kila kitu. Uniletee jibu neno kwa neno. Tafadhali." Alikuwa haniombi vitu kwa tafadhali.

Nilimkuta mama Chwele upande wa kuku, ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, majogoo wawili wamefungwa miguu mbele yake. Nikamwambia chafya. Nikamwambia macho.

"Ulimwambia ile ya saipras?"

"Nilimwambia."

"Na bado inapiga chafya?"

"Bado."

Mama alikaa akifikiri. Hakunitilia shaka, ndiyo sababu iliyomfanya afikiri kwa muda mrefu. Kama ujumbe ulifika, basi kulikuwa na jambo asilolijua, na mama hakupenda kuwa na jambo la wanyama asilolijua. Mwishowe akasimama.

"Mkwe ako na simu?"

Mume wangu alikuwa nayo, kubwa na nzito, walimu wote walikuwa wakiiomba. Kaskazini mwa soko kulikuwa na kibanda cha simu ya jamii. Mama akanishika mkono tukaenda, na tulipofika akasimama mbele ya kile kidirisha bila kugusa chochote.

"Kwa simu ataniona?"

"Hakuoni."

"Mkono hatupeani?"

"Mtapeana vipi?"

"Basi hakuna makosa," akasema, lakini hata hivyo alijifunika leso kichwani, akauliza Kitale iko upande gani, kisha akaupa mgongo. Niliitaja namba ya mume wangu kwa sauti isiyokuwa yangu. Mwenye kibanda akapiga, akampa mama mkono wa simu.

"Baba," mama akasema, akiwa ameinama. "Habari ya huko. Ni mimi, mama ya bibi yako. Usishtuke baba, ni sauti tu."

Sikusikia jibu. Nafikiri huko Kitale kulikuwa na mtu aliyegeukia ukuta.

"Hiyo panya. Inalalia nini?"

Akasikiliza.

"Ya saipras? Ile kavu?" Akasikiliza tena. "Mbichi?"

Mama akageuka akanitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, kulikuwa na swali tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Lakini si nilisema mbichi hapana? Nilimtuma akuambie. Hukuambiwa?"

Jogoo aliwika mahali. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kibanda kwa mkono ule wenye kovu. Nilijua kwamba miaka yangu yote ya kuvuka uwanja ilikuwa ndani ya simu ile, na kwamba neno linalofuata litaniacha mtu mwingine mbele ya mama yangu.

"Aa," mama akasema. "Aa. Ee. Sawa baba. Hapana, hapana, hiyo si makosa kubwa. Toa yote, pangusa ubao na maji, uache ikauke. Karatasi. Karatasi nyeupe, si ya gazeti, wino inashika kidonda. Fungua dirisha. Sawa. Sawa baba."

Akarudisha simu. Akatoa leso kichwani.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anasema ulimwambia." Mama akaanza kucheka, akanipiga begani. "Ati ulimwambia vizuri kabisa, yeye ndiye alisahau. Wanaume bana! Unapeleka ujumbe sawasawa, inamwagika kwa mlango. Na mimi nilikuwa karibu nikuseme vibaya, mwanangu. Nisamehe."

Mama yangu aliniomba msamaha. Akaninunulia ndizi za kuchoma, nikazila zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu sikujua nifanye nini na mdomo wangu.

Nilifika Kitale alasiri. Madirisha yote yalikuwa wazi. Kizimba kilikuwa kimeoshwa, ubao umekauka, na panya amejikunyata ndani ya vipande vya karatasi ya daftari. Mume wangu alikuwa akirarua karatasi nyingine mezani.

"Umerudi," akasema. "Chai iko kwa thamosi."

Nilisubiri aniulize. Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa hasira yake, na niseme hata niliitaka, maana mtu aliyekukasirikia angalau anakutazama. Hakuniuliza. Alinieleza jinsi panya alivyokunywa maji. Alinieleza kwamba mama ana sauti nzuri. Nikanywa chai yote, na bado hakuuliza.

Kesho yake nililitoa gunia chini ya cherehani. Nikachagua flana zilizo laini, nikazikata mraba mraba kwa mkasi wa meno ili zisitoe nyuzi, nikazifua kwa sabuni ya kipande isiyo na marashi, nikazianika juani. Nilipomletea alizipokea kwa mikono miwili. "Asante," akasema, kwa adabu ambayo wateja wangu walikuwa nayo.

Nilizibadilisha mimi kila asubuhi. Chafya zilipungua kwanza, kisha ule ute. Kidonda kilijifunga kutoka pembeni kuelekea katikati, na baada ya majuma machache manyoya yakaota, meupe kuliko ya kwanza. Panya alibaki akichechemea kidogo. Alizoea mkono wangu, akawa anakuja nikifungua mlango wa kizimba, na siwezi kudai kwamba nilimpenda. Nilimtunza vizuri. Hayo ni mambo mawili.

Mara moja tu nilijaribu kusema. Tulikuwa tunakunja nguo. "Ile siku ya maranda," nikaanza.

"Ilipita," akasema, akaniongezea shuka nikunje.

Kisha kaka yangu akamnunulia mama simu yake mwenyewe. Kwanza mama alimpigia mkwe kuuliza hali ya panya. Mkwe akampigia kumpa habari za kidonda. Baadaye yeye akamuuliza mama juu ya vifaranga, maana alikuwa ameanza kufikiria kufuga, na mama akamuuliza juu ya dawa za macho. Kila simu ilipolia mume wangu alisimama na kugeukia ukuta, simu sikioni, kichwa kimeinama, akazungumza na ukuta kwa heshima zote. Nikiwa jikoni nilimsikia akicheka. Nilimsikia akisema, "Hapana, hiyo usimwambie." Nilimwonea mama wivu kwa ajili ya mume wangu, na mume wangu kwa ajili ya mama, na pale katikati, nilipokuwa nimezoea kusimama, hapakuwa tena na kazi.

Panya alikufa kwa uzee baada ya miaka miwili, ndani ya flana, asubuhi ya jua. Tulimzika nyuma ya nyumba. Mimi ndiye niliyelia, mume wangu akanishangaa. Simu ziliendelea.

Tukienda kwetu bado wanakaa kila mmoja upande wake wa uwanja. Mama akimaliza kupika ananipa sahani nimpelekee, lakini hanipi maneno. Anasema, "Nitampigia." Naye mume wangu akimaliza kula hanitumi na sifa za ugali. Anachukua simu, anageukia ukuta wa nyumba ya kaka yangu, na ng'ambo, hatua ishirini, namwona mama akiinua yake na kuupa uwanja mgongo. Mimi nimesimama hapo katikati nikiwa na sahani tupu.

Safari moja waliongea muda wa kutosha maharagwe kuiva. Mume wangu alipokata simu alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa jambo zito.

"Mama yako anakusalimia," akaniambia.

"Amesema hayo tu?"

Alinitazama, moja kwa moja, kama nilivyotamani anitazame siku zile zote.

"Hayo tu," akasema.